Uzi maalumu: Nembo za Screen Gems na sauti zake, na kwa nini zilibadilika mara kwa mara

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya zile sekunde chache ambazo watazamaji wengi huzitumia kunyanyuka kwenye kiti: nembo ya studio inayotokea mwishoni mwa kipindi, baada ya majina ya waigizaji na mafundi kupita. Nimechagua studio moja tu, Screen Gems ya Marekani, pamoja na majina iliyoyavaa baadaye, yaani Columbia Pictures Television, Columbia TriStar Television na Sony Pictures Television. Nimeichagua kwa sababu historia yake ni ndefu, kwa sababu ina sauti iliyowatia hofu watoto wa kizazi kizima, na zaidi kwa sababu inaonyesha wazi jambo ambalo mazungumzo mengi kuhusu nembo hulipita pembeni. Kwa studio hii, nembo ilikuwa kwanza hati ya umiliki. Ukitaka kujua kwa nini picha fulani iliondolewa na sauti mpya ikawekwa, usianze kwa kumtafuta msanii. Uliza kwanza nani alimnunua nani miaka ile.

Columbia Pictures ilianza mwaka 1918 kwa jina la CBC Film Sales, chini ya ndugu wawili, Harry Cohn na Jack Cohn, pamoja na mshirika wao Joe Brandt, na ikachukua jina la Columbia mwaka 1924. Jina la Screen Gems lilipewa kwanza studio ya katuni ambayo Columbia iliichukua kutoka kwa Charles Mintz, na studio hiyo ikafungwa mwaka 1946. Miaka miwili baadaye jina hilo lililokuwa limelala likapangiwa kazi nyingine. Ralph Cohn, mtoto wa Jack, alikuwa na kampuni ndogo iliyotengeneza filamu fupi za matangazo ya televisheni. Columbia ikaigeuza kuwa tawi lake la televisheni na kuliita Screen Gems. Ni miaka ambayo wakubwa wa Hollywood walikuwa wakiitazama televisheni kwa jicho la husuda, kama mgeni aliyekuja kuwaondolea watazamaji kwenye majumba ya sinema, na kwa maoni yangu jina tofauti liliisaidia Columbia kuingia katika biashara hiyo bila kuchafua jina lake la sinema mbele ya wenye majumba.

Tawi lilikua haraka. Katika miaka ya 1950 lilikuwa na Father Knows Best, kisha The Donna Reed Show na Dennis the Menace, na kuanzia mwaka 1957 likawa pia msambazaji wa kazi za Hanna-Barbera, studio ya katuni, ikiwemo The Huckleberry Hound Show iliyoanza mwaka 1958. Jambo hili la usambazaji lina uzito wake. Tangu wakati huo nembo ya Screen Gems haikumaanisha tu kwamba kazi hii tumeitengeneza sisi. Iliweza pia kumaanisha kwamba mwenye stesheni akitaka kuirusha tena, malipo yanakuja kwetu. Nembo za kipindi hicho bado zilimtegemea yule mwanamke mwenye mwenge, ambaye ndiye nembo ya Columbia, na mara nyingi hazikuwa na sauti ya peke yake, bali muziki wa kipindi uliendelea kupiga hadi picha ilipozimika. Sioni haja ya kukaa hapo sana.

Mwaka 1963 ikaja nembo ambayo wapenzi wa fani hii huiita ya vijiti vinavyocheza. Vijiti vinarukaruka kwenye skrini kisha vinajipanga, huku muziki unaonasibishwa na Van Alexander, mtunzi aliyekuwa akifanya kazi na studio hiyo, ukienda sambamba na miruko yao. Ni nembo ya uchangamfu, yenye ala za kawaida, na aliyeisikia mwishoni mwa msimu wa kwanza wa Bewitched hakuwa na sababu ya kushtuka. Ilidumu kama miaka miwili tu.

Ndipo tunafika mwaka 1965.

Fikiria skrini yenye mandhari ya njano isiyo na kitu kingine. Vipande viwili vyekundu vyenye umbo la ufito vinaingia, nukta nyekundu inatokea katikati, kisha fito zile zinajikunja kuizunguka ile nukta, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini, hadi zinafanya herufi S. Chini yake jina la Screen Gems linajitokeza kwa herufi nyeusi. Hakuna uso wa mtu, hakuna mwenge wala mawingu. Yote hayo huchukua sekunde chache. Juu yake kuna noti chache za elektroniki, nzito na kavu, zenye mlio unaokaribia wa tarumbeta lakini usiokuwa wa tarumbeta, zinazopanda kwa hatua kisha kusimama kana kwamba mtu ameufunga mlango.

Mtunzi wa sauti hiyo ni Eric Siday, mpiga fidla aliyezaliwa London mwaka 1905 na baadaye kufanya kazi New York, ambako alijijengea jina kwa kutunga sauti fupi za matangazo. Ndiye aliyetengeneza mlio wa birika la kahawa linalochemka katika matangazo ya Maxwell House. Siday alikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza kabisa wa Robert Moog, mtengenezaji wa sintesaiza, yaani ala inayotoa sauti kwa umeme, ambaye alionyesha vifaa vyake hadharani mwaka 1964. Kwa hiyo tunapozungumzia sauti ya nembo hii tunazungumzia sintesaiza ya Moog ikiingia sebuleni kwa watu kabla watu hao hawajajua kwamba kuna kitu kinachoitwa sintesaiza. Santuri iliyoifanya ala hiyo ijulikane kwa umma, Switched-On Bach ya Wendy Carlos, ilitoka mwaka 1968. Kwa miaka kama mitatu, mtoto aliyekuwa akitazama vichekesho vya jioni aliweza kusikia mlio ambao hakuwa na mahali pa kuuweka kichwani: haukuwa wa mdomo, wala wa uzi, wala wa ngoma.

Mchoro wenyewe ulitoka kwa Chermayeff & Geismar, ofisi ya wabunifu ya New York iliyokwisha kuipa benki ya Chase nembo yake mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambayo miaka mingi baadaye, mwaka 1986, iliipa NBC tausi mwenye manyoya sita. Hapa ndipo hoja yangu ya umiliki inapoingia. Studio ya sinema ikitaka nembo huenda kwa mchoraji wa mabango. Kampuni inayotaka kuonekana madhubuti mbele ya wawekezaji huenda kwa watu waliochora nembo ya benki. Na Screen Gems ya wakati ule ilikuwa na sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu ya hisa zake zilikuwa zimeuzwa kwa umma ingawa Columbia ilibaki na sehemu kubwa. Kampuni yenye wanahisa wake yenyewe ilihitaji alama yake yenyewe. Mwanamke mwenye mwenge alikuwa mali ya mzazi.

Tawi hilo wakati ule halikuwa maskini wa sauti pia. Mwaka 1963 Columbia na Screen Gems ziliinunua Aldon Music, kampuni ya haki za nyimbo ya Don Kirshner na Al Nevins, na mwaka 1966 likazindua The Monkees, kipindi ambacho nyimbo zake ziliuzwa kwa wingi madukani. Watu wa ofisi hiyo walijua vizuri kwamba sauti fupi inayorudiwa kila wiki ni mtaji.

Herufi S ilifunga vipindi vya Bewitched, I Dream of Jeannie, The Flying Nun, The Monkees na The Partridge Family. Kuna jambo dogo hapa ambalo hupenda kusahaulika: msimu wa kwanza wa I Dream of Jeannie, wa mwaka 1965 hadi 1966, ulipigwa kwa nyeusi na nyeupe, na Bewitched nayo ilibaki hivyo kwa misimu miwili ya mwanzo. Maana yake ni kwamba njano na nyekundu tunazozisifia hazikuwepo katika vipindi hivyo, na watu waliokutana na nembo hiyo kwa mara ya kwanza hapo waliona kijivu juu ya kijivu, wakabaki na ile sauti.

Mashabiki wa Marekani waliibatiza S ya Jehanamu, na mwaka 2010 mtengenezaji filamu Rodney Ascher alitoa filamu fupi yenye jina hilo, ambamo watu wazima wanasimulia jinsi walivyokuwa wakikimbia chumba kila ilipokaribia. Nimesoma maelezo mengi ya hofu hiyo, na naona wengi hutia mkazo kwenye mlio peke yake. Mimi naongeza mahali ulipokaa. Kipindi kimekwisha kwa kicheko, muziki wa kumalizia umetulia, kuna kimya cha chini ya sekunde moja, kisha sauti isiyo na uhusiano wowote na kilichotangulia inaingia kwa nguvu ileile. Mtoto hakuandaliwa. Sauti hiyohiyo ikichezwa peke yake leo, katikati ya mchana, kwa mtu anayejua inakuja, ni noti chache tu za kizamani.

Naacha hapa kwa sasa ili wengine wachangie, kisha nitaendelea na enzi ya Columbia.

---

Msikilizaji

Mkuu mleta mada, ahsante kwa uzi uliosimama. Nina swali moja. Nimesikiliza rekodi kadhaa za sauti hiyo ya S na nina hakika ziko aina mbili: moja ni nzito, nyingine iko juu kidogo na inakwenda haraka zaidi. Je, studio ilitengeneza toleo la pili, au ni sikio langu?

---

Fundi Mitambo

Mkuu Msikilizaji, sikio lako liko sawa, lakini kinachotofautiana ni mtambo, na toleo ni lilelile. Vipindi hivi vilipigwa kwenye filamu kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Televisheni ya Marekani huzirusha picha hizo kwa kurudia baadhi yake kwa mpangilio maalumu, hivyo kasi hubaki karibu ileile. Nchi zilizotumia mfumo wa PAL zilikuwa na picha 25 kwa sekunde, na njia rahisi kuliko zote ilikuwa kuuendesha mkanda kwa kasi hiyo ya 25 na kuacha yatokee yatakayotokea. Kipindi kizima kinakwenda kwa kasi zaidi kwa asilimia 4 hivi, na sauti inapanda kwa zaidi kidogo ya nusu ya nusu toni. Katika mazungumzo ya waigizaji huwezi kugundua isipokuwa kama unazifahamu sana sauti zao. Katika noti zilizoshikiliwa za sintesaiza, zisizo na tetemeko la kibinadamu, inaonekana mara moja.

Kuna na jambo la rangi. Kopi zilizopelekwa stesheni kwa stesheni zilikuwa za filamu ya milimita 16, na stesheni moja ilipomaliza iliituma kopi ileile kwa nyingine. Filamu za rangi za miaka hiyo zina ugonjwa wake: rangi ya samawati na ya njano hufifia kwanza na kuacha wekundu umetawala. Ndiyo maana mandhari ambayo mkuu ameielezea kuwa ya njano inaonekana ya chungwa katika kopi moja na karibu na waridi katika nyingine. Anayetaka kuijua rangi halisi asiiamini kopi moja, atafute kadhaa na aitazame iliyotunzwa mahali pa baridi.

---

Mzee wa Kanda

Naomba niongezee kwa Fundi Mitambo jambo la tarehe. Jina la Screen Gems liliondolewa kwenye televisheni mwaka 1974. Mashine ya Betamax ya kurekodia nyumbani iliingia soko la Marekani mwaka 1975, na VHS ikafuata mwaka 1977. Tafakarini maana yake. Enzi yote ya S, tangu 1965 hadi 1974, ilipita kabla mtazamaji wa kawaida hajapata kifaa cha kushikia picha. Nembo za miaka ya baadaye zimehifadhiwa na maelfu ya watu ambao hawakujua wanahifadhi. Walikuwa wakirekodi kipindi, nembo ikaingia mkiani. Za S zilitegemea kopi za stesheni, na marudio yaliyorekodiwa baadaye kabla hazijakatwa.

Kinachonichekesha ni kwamba Betamax ilitengenezwa na Sony, kampuni ambayo miaka 14 baadaye ilikuja kuinunua studio yenyewe. Na ni Sony hiyohiyo iliyoshtakiwa na studio za Hollywood kwa sababu ya mashine hiyo, kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani na ikaamuliwa kwa manufaa ya Sony mwaka 1984.

---

Mleta mada

Wakuu, michango yenu imenirahisishia kazi. Naendelea.

Mwaka 1968 Screen Gems iliunganishwa kikamilifu na kampuni mama, na kwa pamoja zikaitwa Columbia Pictures Industries. Kuanzia siku hiyo S ilikuwa alama ya kampuni isiyojitegemea tena, ingawa iliendelea kuonekana kwa miaka kadhaa kama kibao cha duka lililokwisha uzwa. Columbia yenyewe ikaingia katika shida ya fedha mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwaka 1973 kampuni ya uwekezaji ya Allen & Company ikachukua usukani na kuleta uongozi mpya, na mwaka uliofuata tawi la televisheni likapewa jina la Columbia Pictures Television. S ikaondoka, mwanamke mwenye mwenge akarudi. Kuna wanaosema kwamba iliondolewa kwa sababu ilikuwa ikitisha watoto. Hadithi hiyo inapendeza, lakini mlolongo wa miaka unajitosheleza: mwenye nyumba mpya alibadilisha kitasa.

Nembo iliyofuata, ya kuanzia mwaka 1976, ni ile ya miale ya jua, ambamo mwanga wa mwenge unageuka kuwa nusu duara yenye miale. Sauti ya nembo ya Columbia ya miaka hiyo ni kazi ya Suzanne Ciani, mwanamuziki aliyejulikana kwa sintesaiza za Don Buchla, mshindani wa Moog kutoka pwani ya magharibi, na ambaye pia ndiye mwenye ile sauti ya chupa ya Coca-Cola ikifunguliwa na kumiminwa. Linganisheni kazi hizi mbili. Siday alisimamisha noti zake kama nguzo, kila moja na mpaka wake. Ciani aliacha sauti ifunguke polepole ikifuata mwanga unavyotanuka, kiasi kwamba sikio halijui noti moja imeishia wapi. Ala zote mbili ni za umeme, na zimepishana miaka kama 11 tu, ila moja inakugongea na nyingine inakupokea. Kwangu mimi hii ndiyo nembo bora kuliko zote za studio hii, na nasikitika kwamba hofu ya S imeifunika.

Mwaka 1982 Coca-Cola, kampuni ileile ambayo Ciani alikuwa amekwisha kuitungia sauti, ikainunua Columbia. Baada ya muda mstari mdogo ukatokea chini ya jina la studio ukieleza kwamba ni tawi la Coca-Cola. Huwezi kupata ushahidi wa wazi zaidi wa kile nilichokisema mwanzo: kampuni ya vinywaji imeandikwa chini ya mwanamke mwenye mwenge, mwishoni mwa kipindi cha vichekesho, kwa herufi ndogo za mkataba. Coca-Cola ilinunua na nyingine: Embassy Communications ya Norman Lear na Jerry Perenchio mwaka 1985, kisha Merv Griffin Enterprises, yenye Wheel of Fortune na Jeopardy!, mwaka 1986. Ndani ya miaka michache nembo zikawa zinazaliwa na kufa kwa kasi ambayo hata mafundi wa kukata kanda walipata shida kuifuata, kwa maana kila muungano ulileta jina jipya na kila jina lilihitaji picha na mlio.

Sony ilikuja mwaka 1989 na dola bilioni 3.4. Mwaka 1994 televisheni ya Columbia na ya TriStar, studio ndugu yake, zikaunganishwa kuwa Columbia TriStar Television, na nembo ikawaweka pamoja mwanamke mwenye mwenge na farasi mwenye mabawa wa TriStar, kila mmoja katika fremu yake, mfano wa picha ya harusi ambayo maharusi hawajazoeana. Mwezi Septemba mwaka 2002 majina yote mawili yakaachwa na ikabaki Sony Pictures Television: milia ya mwanga, jina, na mlio mfupi ambao husikika, miongoni mwa vingine vingi, mwishoni mwa Breaking Bad. Mashabiki waliipokea kwa miayo. Nadhani wamekosea kuipima kwa kipimo cha sanaa. Kampuni yenye jina linalojulikana kwa redio na televisheni zenyewe haikuhitaji tena kumtambulisha mtu kwa wimbo.

---

Mpenda Vichekesho

Mleta mada, nimekufuatilia kwa makini na sikubaliani nawe katika jambo moja. Umesema nembo ni hati ya umiliki. Vipi kuhusu MTM Enterprises? Kampuni ile ya Mary Tyler Moore na Grant Tinker, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilimweka paka mdogo aitwaye Mimsie mahali ambapo studio ya sinema ya MGM ilimweka simba. Inasimuliwa kwamba hawakufanikiwa kumfanya alie mbele ya kamera, wakachukua picha yake akipiga miayo na kuipachika sauti ya mlio. Kisha kila kipindi kikamvalisha kwa namna yake: katika Hill Street Blues alikuwa na kofia ya polisi, katika St. Elsewhere alivaa barakoa na kofia ya daktari wa upasuaji, na katika Newhart mlio wake ulitolewa na Bob Newhart mwenyewe. Kipindi cha mwisho cha St. Elsewhere, mwezi Mei mwaka 1988, kilimwonyesha amelala akiwa ameunganishwa na mashine za hospitali huku majina yakipita, hadi mstari wa moyo ukanyooka. Huo ni mzaha wa watu waliopenda kazi yao, mkuu. Mwanasheria angeandika vile?

---

Mleta mada

Mkuu Mpenda Vichekesho, mfano wako ni mzuri na naukubali kama ulivyo, lakini tazama nani aliweza kuufanya. MTM ilikuwa nyumba ya waanzilishi wake. Aliyeitengeneza kazi na aliyeimiliki walikaa ofisi moja, kwa hiyo waliweza kuichezea nembo kama mtu anavyoichezea saini yake. Screen Gems isingeweza kumvalisha S yake kofia, kwa sababu S ilipaswa kuwa ileile kwa Hanna-Barbera, kwa The Monkees na kwa kipindi kilichonunuliwa jana.

Nikupe mfano wa upande wa pili, ambao ni mkali zaidi kuliko wa Screen Gems. Mwaka 1970 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliizuia mitandao mikubwa ya televisheni kumiliki faida ya marudio ya vipindi. CBS ikalazimika kulitenga tawi lake la usambazaji, nalo likasimama peke yake mwaka 1971 kwa jina la Viacom. Mtazamaji wa marudio ya I Love Lucy, kipindi kilichotengenezwa na Desilu miaka ya 1950, akawa anaona mwishoni nembo ya kampuni ambayo haikuwepo siku kipindi kilipopigwa. Kuanzia mwaka 1976 nembo hiyo ilikuwa ile V kubwa inayokuja mbele ya mtazamaji, ambayo mashabiki huiita V ya Maangamizi. Haikueleza chochote kuhusu Lucille Ball, nyota wa kipindi hicho. Ilieleza hundi iandikwe kwa nani.

---

Msikilizaji

Hapo umenifungua macho, mkuu. Basi ndiyo sababu nikitazama Bewitched sasa sipati S wala vijiti, napata Sony?

---

Mleta mada

Ndiyo hasa, na jambo hilo lina jina katika fani hii: kubandika. Kila mmiliki mpya alipoandaa kopi mpya kwa ajili ya kuuza marudio, mkia wa zamani ulikatwa au ukafunikwa, na nembo yake ikawekwa. Kazi hiyo haikufanywa kwa uangalifu uleule kila mara. Ukiwa na sikio zuri utaona mahali ambapo muziki wa kumalizia umefifishwa mapema ili kuipisha sauti mpya, au picha imebadilishwa na sauti ya zamani ikasahaulika chini yake. Kipindi kimoja cha miaka ya 1960 kinaweza kuwa kimebandikwa na Columbia ya miale, kikabandikwa tena na Columbia TriStar, kisha Sony ikafunika yote.

Pigo lingine lilitoka kwa mitandao. Mwaka 1994 NBC ilianza kuyabana majina ya mwisho upande mmoja wa skrini ili upande wa pili utangaze au kuendeleza burudani, na wengine wakafuata. Nembo zikabaki kijipicha, na mara nyingi sauti yake ikamezwa na ya mtangazaji. Nembo iliyotungwa kwa ajili ya kimya kilichopo baada ya muziki ikakosa kimya chenyewe.

---

Fundi Mitambo

Nijibu swali ambalo najua litafuata: je, kilichobandikwa kinaweza kubanduliwa? Katika kopi ya marudio, hapana, kwa sababu kilichokatwa hakipo tena mkiani. Lakini nembo haikuwa sehemu ya hadithi. Ilikuwa kipande cha filamu kinachojitegemea, kilichounganishwa mwishoni wakati wa kutengeneza kopi. Kipande hicho kikipatikana katika hali nzuri kwenye kopi moja ya milimita 16, kinaweza kusafishwa na kurudishwa mwishoni mwa kila kipindi cha miaka hiyohiyo, mradi kilingane na msimu husika, cha rangi kwa vya rangi na kijivu kwa vya kijivu. Kiufundi ni kazi ya mchana mmoja. Idhini ndiyo ngumu, maana mwenye haki ya kuirudisha S ni yule yule ambaye jina lake limeifunika.